Hewa Hii Ina Nini, na Imetoka kwa Nani?

Desemba 2013, watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walizunguka jiji la Portland, katika jimbo la Oregon, wakibandua majani kwenye miti ya mitaani. Si majani ya miti yenyewe, bali ile mimea midogo laini ya kijani inayotanda kama zulia kwenye magome penye unyevu. Mimea hiyo haina mizizi ya kuchota chakula ardhini. Inakunywa mvua, inakula kinacholetwa na hewa, na ikishanasa kitu haikiachii kirahisi. Watafiti wakakusanya sampuli 346, wakazipeleka maabara, wakachora ramani ya metali zilizomo. Kadimi ikajitokeza kwa wingi sehemu mbili za jiji, na karibu na kila sehemu palikuwa na kiwanda cha vioo vya rangi. Kadimi ndiyo inayokipa kioo wekundu mkali na umanjano.

Kilichonishika katika kisa hiki si kwamba kiwanda kilitoa sumu. Ni kwamba mamlaka ya mazingira ilikuwa na mashine ya kupimia hewa, ilikuwa na orodha ya viwanda, na ilikwishaona kwamba kadimi inayonaswa hewani ni nyingi kuliko orodha ilivyoweza kueleza. Namba ilikuwepo. Mwenye namba hakujulikana. Oktoba 2015 mashine ilipopelekwa jirani na kiwanda kimojawapo, kadimi ilikutwa karibu mara 50 ya kiwango ambacho jimbo lilikiona ni salama kwa muda mrefu, na aseniki zaidi ya mara 150.

"Hewa ni chafu kiasi gani?" na "uchafu huu ni wa nani?" ni maswali mawili tofauti, yana vifaa tofauti na yana namna tofauti za kukosea. Katikati yake kuna swali la tatu ambalo watu hulisahau: uchafu wenyewe ni nini?

Uzito hauoni sumu

Namba inayotajwa zaidi kwenye taarifa za hewa ni PM2.5, yaani uzito wa chembe zote zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo zaidi ya chembe 25 zinaweza kujipanga bega kwa bega juu yake. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwongozo wake mwaka 2021: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, ilhali mwongozo wa 2005 uliruhusu 10.

Namba hiyo ina kazi yake, lakini inapima kila kitu kwa mizani moja. Chumvi ya bahari, vumbi la njiani, masizi ya dizeli na kadimi ya tanuri vyote vinahesabiwa sawa. Sasa tazama vipimo vya sumu zenyewe. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wastani wa mwaka kuwa nanogramu 5 kwa kadimi, 6 kwa aseniki, na 1 kwa benzo(a)pireni, kemikali inayosababisha saratani na inayozaliwa pale kuni, taka au mafuta yanapoungua nusunusu. Nanogramu ni sehemu ya elfu ya mikrogramu. Kwa hiyo kadimi inaweza kupanda mara kumi katika mtaa, na namba ya PM2.5 isitikisike hata kidogo. Ukitegemea uzito peke yake, hutajua kwamba kuna jambo limetokea.

Halafu kuna sumu ambazo si chembe kabisa. Benzini ni mvuke unaotoka kwenye petroli na kwenye moshi wake. Fomaldehaidi hutoka kwenye injini na viwandani, lakini sehemu kubwa yake hutengenezwa hewani humohumo, jua linapopiga kemikali nyingine. Sheria ya hewa safi ya Marekani iliporekebishwa mwaka 1990 iliorodhesha sumu za hewa 189. Hakuna mashine moja duniani inayozipima zote.

Kichujio cheupe, kichujio cha kijivu

Njia kongwe ndiyo bado hakimu mashine nyingine zinapobishana. Unachukua kichujio cheupe cha duara, upana wake sentimita 4.7. Kabla ya kukipima unakilaza siku nzima kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, kwa sababu hata unyevunyevu wa hewa unatosha kukiongezea uzito. Umeme tuli nao huivuruga mizani, kwa hiyo baadhi ya maabara huweka kando yake kipande chenye poloniamu ili kuuondoa. Poloniamu ni sumu kali ya mnururisho, na hapa imeajiriwa kusaidia kupima sumu nyingine. Kichujio hushikwa kwa kibano, kamwe si kwa vidole.

Tuseme mizani inasoma miligramu 145.200. Kichujio kinapelekwa kituoni, mara nyingi juu ya paa, na pampu inavuta kupitia kwake mita moja ya ujazo ya hewa kila saa, kwa saa 24. Kabla ya kukifikia, hewa inalazimishwa kukata kona kali. Chembe nyepesi zinaipita, nzito zinashindwa kona kama lori lililokuja kwa kasi, zinagonga ukuta na kubaki huko. Hivyo ndivyo mashine inavyojua ipi ni mikromita 2.5 na ipi si yake. Kesho yake kichujio kinarudi kikiwa kijivu. Kinalazwa tena siku nzima, kinapimwa tena: 145.800. Tofauti ni mikrogramu 600. Gawanya kwa mita za ujazo 24, unapata 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa siku moja ni 15.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo utamu unapoanza. Kichujio hichohicho kikimulikwa kwa eksirei, kila metali hujibu kwa mng'ao wa nishati yake, kama mtu anayeitikia jina lake. Kilichonaswa humo kikiyeyushwa katika asidi na kupitishwa kwenye moto wa maelfu ya nyuzi joto, unaweza kuhesabu metali mpaka kwenye nanogramu. Lakini kaboni huwezi kuipima kwenye kichujio hicho, kwa kuwa chenyewe ni plastiki ya tefloni, na tefloni ina kaboni. Inabidi kichujio kingine, cha kwatzi, kinachostahimili moto, kwa sababu kaboni hupimwa kwa kuiunguza kidogokidogo. Ndiyo maana kituo cha maana huwa na pampu kadhaa zinazovuma sambamba.

Kwa mivuke mambo ni mengine kabisa. Benzini hunaswa kwa chupa ya chuma ya lita 6 iliyofyonzwa hewa yote. Unafungua vali kwa kiasi kidogo sana ili chupa ivute hewa taratibu usiku na mchana, kisha unaipeleka maabara. Fomaldehaidi hainaswi hivyo. Inataka mrija mdogo wenye kemikali inayoikamata, na mbele ya mrija lazima uweke kitu cha kuizuia ozoni, la sivyo ozoni itaharibu mtego kabla hujausoma. Zebaki hunaswa kwa dhahabu, kwa tabia yake ileile ya kugandana nayo inayofahamika kwa wachimbaji. Kila sumu na mtego wake. Maana yake ni kwamba maabara hukuta inachokitafuta, na isichokitafuta haikioni, hata kama kimejaa puani.

Vichujio ni ghali kwa fedha na kwa muda, kwa hiyo vituo vingi vya kupimia sumu za hewa nchini Marekani hupima siku moja katika kila sita. Hesabu ya sita ina akili: ukianza Jumatatu, inayofuata ni Jumapili, kisha Jumamosi, hadi siku zote za wiki zipate zamu. Tatizo ni kwamba ratiba hutangazwa mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukitumia picha za satelaiti ulikuta kwamba siku zisizopimwa hewa ilikuwa chafu zaidi kuliko siku za kupimwa. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Anayejua siku ya mtihani hujiandaa.

Na vile vifaa vidogo vya bei nafuu ambavyo watu wanavifunga madirishani? Vinamulika hewa kwa leza na kuhesabu mwanga unaotawanywa na chembe. Vinafaa sana kuonyesha saa ngapi hewa inaharibika na mtaa upi umezidi mwingine. Ila havioni chembe zilizo ndogo kuliko mikromita 0.3 hivi, na kukiwa na ukungu chembe hunyonya maji na kuvimba, kifaa kikapiga kelele za uchafu ambao nusu yake ni maji. Kuhusu risasi, aseniki au benzini, leza haina la kusema. Mtu akikuonyesha kifaa cha namna hiyo na kudai kinapima sumu, muulize ni sumu gani.

Upande wa barabara una maana

Wastani wa jiji ni kitu cha ajabu: hakuna anayeuvuta. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Oakland, California, ambako magari ya kupigia picha za mitaa yalifungwa mashine za kupimia hewa na kupita barabara zilezile tena na tena kwa mwaka mzima. Ndani ya mtaa mmoja, mahali fulani palikuwa na uchafu mara tano hadi nane ya pengine, na hali hiyo ilidumu. Kandokando ya barabara kuu za Los Angeles, chembe ndogo mno za moshi zilipimwa zikipungua kwa kasi kadiri unavyotoka barabarani, na kufika mita 300 zimekaribia kiwango cha kawaida cha jiji.

Upepo nao una vituko. Barabara ikiwa na majengo marefu pande zote mbili na upepo ukapita juu ya paa kwa kuikata, hewa ya chini huzunguka kama gurudumu. Inashuka kwenye ukuta wa mbali, inafagia barabara, inarudi na moshi hadi kwenye ukuta wa upande ule upepo ulikotokea. Anayepita upande huo, akidhani jengo lililo nyuma yake linamkinga na upepo, ndiye anayevuta moshi mwingi zaidi. Mashine ikifungwa upande mmoja wa barabara itatoa habari moja, ikivushwa ng'ambo itatoa nyingine, na zote mbili zitakuwa za kweli.

Saa nayo. Usiku mtulivu ardhi hupoa, hewa baridi hulala chini na yenye joto hutanda juu kama kifuniko. Moshi uleule uliokuwa ukitawanyika hadi kilomita moja juu mchana unabanwa kwenye mita mia mbili. Kwa hiyo namba kubwa ya alfajiri haithibitishi kwamba kuna kiwanda kinachofungulia mabomba usiku, ingawa uvumi hupenda maelezo hayo. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni kifuniko tu.

Kumtafuta mwenye moshi

Kuna njia mbili kubwa, na zinakwenda pande tofauti. Ya kwanza inaanzia kwenye vyanzo: unahesabu magari, tanuri, majiko, jenereta na madampo, unazidisha kila kimoja kwa moshi kinaodhaniwa kutoa, unajumlisha. Ni kazi ya karani mwaminifu, na inakosea pale karani anapodanganywa. Septemba 2015 Marekani ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu iliyotambua kwamba gari linapimwa na kulifanya liwe safi kwa muda huo. Barabarani baadhi yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kwenye orodha ya vyanzo magari hayo yalikuwa safi. Na anayechoma taka usiku nyuma ya nyumba hayumo kwenye orodha yoyote.

Njia ya pili inaanzia kwenye kichujio na kurudi nyuma, kama mpelelezi anayesoma nyayo. Vyanzo vingi huacha alama. Kuni na majani vikiungua huacha levoglukosani, sukari inayozaliwa na moto wa mimea. Mafuta mazito ya meli huacha vanadi na nikeli. Pedi za breki humwaga shaba, bariamu na antimoni kila dereva anapopunguza mwendo, jambo linalomaanisha kwamba hata gari la umeme lina alama yake hewani. Udongo huja na silikoni na alumini. Kuna hata saa ndani ya kaboni yenyewe: mti uliokatwa juzi una kaboni-14, aina ya kaboni inayofifia kadiri muda unavyopita, lakini mafuta yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka hayana hata chembe. Ukiipima kaboni ya kichujio unajua sehemu gani ilitoka kwenye mimea na sehemu gani kisimani.

Lakini alama moja haitoshi kumtia mtu hatiani, kwa sababu vyanzo hushirikiana alama. Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 1994 Wafini wawili, Pentti Paatero na Unto Tapper, walichapisha njia ambayo leo inatumika dunia nzima. Ifikirie hivi: uko chumbani, na nyuma ya ukuta kuna watu wengi wanazungumza. Huwaoni. Ila ukirekodi siku mia mbili utagundua kwamba sauti fulani hupanda na kushuka pamoja, na nyingine zina nyakati zake. Kompyuta inafanya hivyo kwa metali, chumvi na kaboni za mamia ya vichujio: inatafuta makundi ya vitu vinavyopanda pamoja na kushuka pamoja.

Jambo ambalo taarifa nyingi hulificha ni kwamba kompyuta haisemi "magari". Inasema "kundi la tatu". Ni mtafiti anayelitazama kundi la tatu, anaona shaba, bariamu na masizi, anaona linapanda saa za msongamano na kushuka Jumapili, ndipo analiandikia jina. Vyanzo viwili vinavyofanya kazi saa zilezile, kwa mfano malori na majiko ya jioni, vinaweza kutoka kama sauti moja. Mtafiti akiiambia kompyuta itafute makundi matano, itapata matano; akiomba saba, itapata saba. Kwa hiyo ukisoma kwamba "asilimia 37 ya uchafu inatokana na magari", tegemea kwamba nyuma ya 37 kuna uamuzi wa mtu, na kwamba 30 au 45 isingekuwa uongo.

Kuna na mtoto asiyefanana na wazazi. Sehemu kubwa ya chembe za mijini haikutoka kwenye bomba lolote ikiwa chembe. Ilitoka kama gesi: salfa kutoka kwenye makaa, oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini, amonia kutoka kwenye samadi na mbolea za mashamba yaliyo mbali na jiji. Zikakutana angani, zikaungana, zikawa chumvi ngumu. Kwenye kichujio hesabu huitambua kama "chumvi za salfa na nitrati", ambalo ni jina la kitu, si la chanzo. Hapo mpelelezi hutazama upepo: siku kundi hili lilipokuwa juu, hewa ilitoka upande gani, na kwa saa 48 zilizopita ilipita wapi?

Hata ukishagawa uzito, bado hujagawa madhara. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba watu milioni moja wakivuta mikrogramu moja ya benzini kwa mita ya ujazo maisha yao yote, watu 6 hivi watapata saratani ya damu kwa sababu hiyo. Kikomo cha Ulaya kimekuwa mikrogramu 5, yaani watu 30 kwa milioni. Katika jiji la watu milioni 4 ni watu 120, waliotawanyika katika miaka 70. Hakuna daktari atakayewaona kama kundi. Huko Los Angeles, uchunguzi mkubwa wa sumu za hewa uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba karibu asilimia 70 ya hatari ya saratani itokanayo na hewa ilitoka kwenye masizi ya dizeli, ingawa kwa uzito masizi hayo ni sehemu ndogo tu ya chembe. Ukipanga vyanzo kwa kilo na ukavipanga kwa hatari, unapata orodha mbili tofauti, na kila mwenye kiwanda ataichagua ile inayomweka chini.

Utajuaje basi kwamba mpelelezi hakumkamata asiye na hatia? Njia iliyo wazi zaidi ni kukizima chanzo na kupima tena. Hong Kong ilifanya hivyo Julai 1990, ilipopiga marufuku mafuta yenye salfa inayozidi asilimia 0.5 katika viwanda na mitambo ya umeme. Gesi ya salfa ilishuka mara moja, na vifo vya magonjwa ya mapafu na moyo vikapungua. Januari 2020 meli duniani zilipotakiwa kupunguza salfa katika mafuta yao kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, vanadi ilianguka kwenye vichujio vya miji ya bandari. Wapelelezi walithibitishiwa kwamba walikuwa sahihi, na hapohapo wakanyang'anywa alama waliyoitegemea kuitambua meli. Sasa wanatafuta nyingine.

Na Portland? Februari 2016, ramani ya kadimi ilipotoka hadharani, viwanda vile viliacha kutumia kadimi na aseniki kwenye tanuri zisizo na vichujio. Mashine zilizosimikwa mtaani zikasoma kushuka kwa metali hizo.